Mkono Mmoja Haulei Mwana: Historia ya Kina Mama, Ulezi na Kazi ya Udaktari na Sayansi

Najua saa hizi mama mmoja anachambua mboga, mwingine ananyonyesha, na mwingine yuko kibandani sokoni, redio ikiwa chini ya meza. Endelea na kazi yako, mradi sikio liwe hapa. Leo hatutazungumza juu ya ugonjwa wowote. Tutazungumza juu ya swali linalowanyima usingizi kina mama wengi, nalo ni hili: nikienda kazini au masomoni, mtoto nitamwachia nani?

Swali hili lilinijia kliniki. Mama mmoja alikuja siku ya kupima watoto uzito, mgongoni akiwa amembeba mjukuu wa miezi 7. Nilipomwuliza mama ya mtoto yuko wapi, alinyamaza kidogo, kisha akatoa bahasha kwenye kiondo. Ilikuwa barua ya binti yake, ameitwa chuoni kusomea kazi ya afisa wa kliniki. Binti alikuwa amekataa kwenda.

"Sista," mama akaniuliza, "mtu akishazaa, si masomo yamekwisha? Nani amewahi kuona mwenye mtoto mchanga akawa daktari?"

Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Nikamwomba arudi alasiri, kazi ikipungua. Niliyomweleza alasiri hiyo ndiyo nitakayowaeleza nyinyi leo.

Daktari aliyelea watoto wa wengine

Nilianza na jina ambalo wengi wenu mnalijua: Montessori. Limeandikwa kwenye vibao vya shule nyingi za chekechea hapa Kenya, na wengi hudhani ni jina la aina ya shule tu. Ni jina la mama mmoja wa Italia, Maria Montessori, aliyezaliwa mwaka 1870. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma wakati ambapo wanawake walioingia darasa hilo walihesabika kwa vidole. Alihitimu mwaka 1896.

Mwaka 1898 Maria alijifungua mtoto wa kiume, akamwita Mario. Baba ya mtoto alikuwa daktari mwenzake, na hawakuwa wameoana. Kwa desturi ya kwao siku zile, mwanamke wa tabaka lake akiolewa alitarajiwa kuacha kazi na kukaa nyumbani. Na mwanamke aliyezaa bila kuolewa, habari zikijulikana, jina lake lilikuwa limekwisha. Njia zote mbili zilimtoa hospitalini. Basi mtoto alipelekwa mashambani, akalelewa na familia nyingine. Maria alikuwa akienda kumwona, lakini haikujulikana hadharani kwamba yeye ndiye mama.

Mwaka 1907 Maria alifungua nyumba ya kulelea watoto wa maskini katika mtaa mmoja wa Roma, na kutoka hapo njia yake ya kufundisha ikaenea duniani kote. Tazama jambo hilo, mama. Mtu aliyewafundisha walimu wa dunia namna ya kumwangalia mtoto mdogo hakuweza kumwangalia wake akikua. Mario alikuja kuishi naye akiwa kijana wa miaka kama 15. Baadaye akawa msaidizi wake mkuu hadi Maria alipofariki mwaka 1952. Lakini ile miaka ya kwanza haikurudi.

Mama yule wa kliniki alitikisa kichwa. "Huyo aliumia," akasema. Nikamwambia, ndiyo, aliumia. Hakukosa akili wala bidii. Alikosa mahali ambapo mtu angeruhusiwa kuwa mama na daktari kwa wakati mmoja.

Babu aliyebaki na watoto

Kisha nikampa kisa cha pili. Kama kuna mtu wako aliyetibiwa saratani kwa miale, basi umeonja matunda ya kazi ya Marie Curie. Marie alizaliwa mwaka 1867 katika mji wa Warsaw, nchi ya Poland. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Marie akiwa na miaka 10. Baba alikuwa mwalimu mwenye mshahara mdogo, na chuo kikuu cha mji wao hakikuwapokea wanawake.

Marie na dadaye Bronia wakafanya mapatano. Marie alienda kufanya kazi katika nyumba za matajiri, akiwalea na kuwafundisha watoto wao, na pesa alizopata akamtumia Bronia aliyekuwa Paris akisomea udaktari. Bronia alipokaribia kujitegemea, naye akamwita Marie aje asome. Ni kama vyama vyetu vya mzunguko: leo unapokea wewe, kesho napokea mimi. Marie aliingia Paris mwaka 1891. Kwa hivyo kabla hajawa mwanasayansi, alikuwa yaya na mwalimu wa watoto wa wenyewe, ili dada mmoja apate kuwa daktari.

Marie aliolewa na mwanasayansi Pierre Curie mwaka 1895. Mwezi wa Septemba mwaka 1897 wakapata binti, Irène. Siku chache tu baada ya mtoto kuzaliwa, mama yake Pierre akafariki. Baba mkwe, mzee Eugène Curie, akabaki peke yake. Mzee huyu alikuwa daktari. Akahamia kwa mwanawe, na kazi aliyoichukua humo nyumbani ilikuwa ya kumlea mjukuu. Mwaka 1898, Irène akiwa bado anajifunza kutembea, Marie na Pierre walitangaza kwamba wamegundua vitu viwili vipya ulimwenguni, poloniamu na radiamu. Mwaka 1903 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na mwenzao Henri Becquerel.

Binti wa pili, Ève, alizaliwa Desemba 1904. Aprili 1906 Pierre aligongwa na mkokoteni wa farasi barabarani, akafa papo hapo. Marie akabaki mjane wa miaka 38 na watoto wawili, mmoja ana miaka 8 na mwingine hajafika mwaka mmoja na nusu. Chuo kilimpa nafasi ya mumewe, akawa mwanamke wa kwanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Sorbonne. Nani alikuwa nyumbani na watoto? Ni yule yule babu. Hakuondoka hata baada ya kumzika mwanawe. Alibaki na mkaza mwana na wajukuu mpaka alipofariki mwaka 1910. Mwaka uliofuata, 1911, Marie akapata Tuzo ya Nobel ya pili, ya kemia, mtu wa kwanza duniani kupata mbili. Irène naye alikua akawa mwanasayansi, akapata Nobel yake pamoja na mumewe mwaka 1935, akiwa mama wa watoto wawili.

Sisemi kwamba babu ndiye aliyegundua radiamu. Nasema kwamba Montessori na Curie walijifungua karibu wakati mmoja, mmoja mwaka 1897 na mwingine mwaka 1898. Wote walikuwa na akili, na wote waliipenda kazi. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na ndoa iliyokubali kazi yake na mzee aliyebaki na mtoto nyumbani, na mwenzake hakuwa navyo.

Ukiolewa, acha kazi

Msikilizaji, usidhani mambo haya yaliachwa kwa familia peke yake. Serikali na vyuo vilikuwa na kanuni. Uingereza, ambao ndio waliotutawala, walikuwa na kanuni kwamba mwanamke anayefanya kazi serikalini akiolewa aache kazi. Katika utumishi wa serikali yao kanuni hiyo iliondolewa mwaka 1946. Kwa muda mrefu muuguzi kwao alitarajiwa kuwa msichana asiyeolewa, anayelala katika bweni la wauguzi na kuangaliwa saa ya kurudi. Akipata mume, anatafutwa mwingine. Fikra hiyo ndiyo iliyokuja na hospitali zao katika makoloni: kwamba kuwalea wagonjwa na kulea watoto wako haviwezi kukaa pamoja.

Marekani nako palikuwa na kanuni za kuzuia mume na mke kuajiriwa katika chuo kimoja, na aliyeachwa nje karibu kila mara alikuwa mke. Mwanafizikia Maria Goeppert Mayer, mama wa watoto wawili, alifanya utafiti kwa miaka mingi bila mshahara au kwa malipo kidogo katika vyuo ambako mumewe aliajiriwa. Alipata kazi ya uprofesa yenye mshahara kamili mwaka 1960, akiwa na zaidi ya miaka 50. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1963, akapewa Tuzo ya Nobel. Yaani sehemu kubwa ya kazi iliyomletea tuzo hiyo aliifanya akihesabiwa kuwa mke wa fulani tu.

Wangari wa Ihithe

Hapo mama wa kliniki akaniambia, "Hao ni Wazungu, Sista." Nikamwambia, basi turudi nyumbani.

Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Alikuwa msichana mkubwa nyumbani, na kama mjuavyo, msichana mkubwa ni mkono wa pili wa mama yake. Huchota maji, huokota kuni, hubeba wadogo zake. Siku moja kaka yake Nderitu alimwuliza mama yao: kwa nini Wangari haendi shule kama sisi? Mama angeweza kusema, nani atanisaidia na watoto? Hakusema hivyo. Alimpeleka Wangari shuleni, na mkono huo wa pili akaukosa. Kila tunapotaja jina la Profesa Wangari, tumkumbuke pia mama huyo wa kijijini aliyekubali mzigo wake uongezeke ili binti yake asome.

Wangari alisomea biolojia Marekani, akarudi mwaka 1966 akiwa na shahada ya pili. Nafasi ya kazi aliyoahidiwa katika chuo kikuu cha Nairobi akakuta imepewa mtu mwingine. Akapata kazi katika idara ya anatomia ya wanyama. Mwaka 1969 aliolewa, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu, ile inayomfanya mtu aitwe Daktari hata kama hatibu wagonjwa. Alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Katika miaka hiyo hiyo ya masomo na kufundisha alizaa watoto watatu. Mwaka 1976 akawa mkuu wa idara yake, na mwaka 1977 profesa mshiriki.

Lakini palikuwa na jambo. Chuoni, mwalimu mwanamume alipata marupurupu ya nyumba, bima na pensheni kwa ukamilifu. Mwalimu mwanamke aliyeolewa hakuyapata kwa kiwango hicho, kwa kuwa ilidhaniwa mumewe ndiye anayemtunza. Wangari na mwenzake, Vertistine Mbaya, mtaalamu wa bayokemia, walikataa. Walidai walipwe sawa na wanaume wanaofanya kazi ile ile. Walijaribu hata kukigeuza chama cha walimu wa chuo kiwe chama cha wafanyakazi ili kiweze kudai haki. Mahakama ilikataa, lakini mengi waliyoyadai yalikubaliwa baadaye. Kwa hiyo dada unayefundisha au kufanya kazi leo ukilipwa marupurupu yako bila kuulizwa kama umeolewa, ujue kuna waliosemwa vibaya kwa ajili yako.

Ndoa ya Wangari ilivunjika, na mwaka 1979 mahakama ikatoa talaka. Gharama za mawakili zilikuwa kubwa, na mshahara wa chuo haukutosha yeye na watoto watatu. Akapata kazi katika Umoja wa Mataifa, lakini ilikuwa kazi ya kusafiri nchi nyingi za Afrika, makao yake Lusaka, Zambia. Watoto asingeweza kwenda nao. Profesa Wangari, mwanamke tuliyemjua kwa kutoogopa askari wala wanyakuzi wa ardhi, alilazimika kuwapeleka watoto wake wakaishi na baba yao. Alikuwa akiwatembelea mara kwa mara, lakini waliishi huko hadi mwaka 1985. Mwenyewe ameeleza habari hizo katika kitabu cha maisha yake.

Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika, na nchi nzima ikashangilia. Alifariki Septemba 2011. Siku ile tuliposhangilia tuliona miti na medali. Miaka ile watoto walipokaa mbali naye hatukuiona. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wiki 13 na wiki 26

Sasa tuje kwa sheria zetu. Chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 1976, mama mwajiriwa wa Kenya alipata likizo ya uzazi ya miezi 2, na akiichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Yaani kujifungua, kushonwa na kukesha na mtoto kulihesabiwa kuwa ni mapumziko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwaka 2008, iliongeza likizo hiyo hadi miezi 3 yenye mshahara kamili. Ilisema pia kwamba mama asinyang'anywe likizo yake ya mwaka, na ana haki ya kurudi kwenye kazi yake. Kina baba nao walipewa wiki 2. Halafu Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ikamtaka mwajiri atenge mahali safi pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa kazini, na kumpa muda wa kufanya hivyo.

Hizo ni hatua kubwa. Lakini hesabu bado haijakubali. Sisi wahudumu wa afya tunawafundisha kina mama kumpa mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza. Miezi 6 ni wiki kama 26. Likizo ya miezi 3 ni wiki kama 13. Nusu ya kazi hiyo sheria imekuachia mwenyewe.

Naomba niseme langu kidogo. Mtoto wangu wa kwanza alipotimiza miezi 3, nilirudi kazini. Kila asubuhi nilisimama mbele ya kina mama nikiwafundisha habari za miezi 6 bila hata tone la maji. Ikifika saa nne, sare yangu ilikuwa imelowa kifuani, nikawa navaa sweta hata siku za jua kali. Siku moja mama mmoja aliniuliza, "Na wako, Sista, saa hizi anakunywa nini?" Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nakamulia chooni, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine chenye mlango wa kufungika, na maziwa hayo nayamwaga.

Mwaka uliofuata nilipata nafasi ya kujiendeleza katika ukunga, katika mji mwingine. Niliiacha ipite. Mwenzangu wa kiume tuliyehitimu pamoja, naye akiwa na mtoto wa umri ule ule, alienda. Hakunishinda akili, wala simwonei wivu. Mtoto wake alikuwa amebebwa na mke wake.

Aliyebaki nyumbani naye ana ndoto

Kuna mtu mwingine ambaye vitabu vya historia havimtaji. Mama daktari au mwalimu anapotoka asubuhi, mara nyingi anamwachia mtoto msichana wa kazi. Msichana huyo huenda alikuwa na alama nzuri za hesabu na sayansi, akakosa karo. Au anamwachia binti mkubwa wa nyumbani, ambaye siku mtoto akiwa na homa ndiye hukosa shule.

Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hazijaenea, wasichana wengi wa Kenya waliacha shule kwa kuwauguza wazazi na kuwalea wadogo zao. Walijifunza kumwosha mgonjwa, kumgeuza asipate vidonda na kumlisha aliyekosa nguvu. Hiyo ni kazi ya uuguzi, waliyoifanya bila sare, bila cheti na bila mshahara. Wangapi kati yao wangekuwa wauguzi na madaktari wetu leo?

Na wale wanaopata mimba wakiwa shuleni, tangu mwaka 1994 sera ya elimu ya Kenya imewaruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Sera ipo. Lakini sera haimbebi mtoto. Msichana anarudi darasani pale tu ambapo kuna mtu nyumbani aliyesema, mlete hapa.

Labda unajiuliza, mbona nesi anazungumza mambo haya katika kipindi cha afya? Ni kwa sababu mkunga anapoacha kazi kwa kukosa wa kumwachia mtoto, wodi ya uzazi inabaki na mtu mmoja usiku. Na mama anayeona haya kuchunguzwa na mwanamume hakuti mwanamke wa kumhudumia. Hasara haibaki nyumbani kwa yule mkunga. Inakufuata mpaka kitandani kwako.

Mambo ya kukumbuka

Kabla hatujaagana, haya ndiyo ninayokuomba uyashike.

1. Wewe mjamzito unayefanya kazi au kusoma, panga mapema nani atakusaidia na mtoto. Usingoje likizo iishe. Zungumza na mume, mama, mama mkwe au jirani mkiwa bado na nafasi.

2. Unaporudi kazini, mtoto anaweza kuendelea na maziwa yako. Nawa mikono, kamua katika chombo safi chenye kifuniko. Mahali pa kivuli penye ubaridi, yatumike ndani ya muda wa saa 4. Ndani ya friji yanaweza kukaa hadi siku 4, yawekwe nyuma, si mlangoni. Usiyachemshe; weka chombo katika maji ya uvuguvugu. Mtoto apewe kwa kikombe safi, si chupa. Na unaporudi jioni na usiku, mnyonyeshe kila anapotaka.

3. Jua haki yako. Likizo ya uzazi si zawadi ya mwajiri, na kuomba mahali pa kukamulia maziwa si utovu wa adabu.

4. Baba unayenisikiliza, wiki 2 zako si za kutembelea marafiki. Na zikiisha, mtoto bado ni wako. Kumwosha mtoto hakujampunguzia mtu yeyote heshima.

5. Mwenye msichana wa kazi, mlipe kwa wakati, na umwulize alitaka kuwa nani. Masomo ya jioni au kozi fupi ya ufundi inaweza kuanzia nyumbani kwako.

6. Mama uliyeacha masomo au kazi ili kulea, usijione umeshindwa. Umefanya kazi ambayo wengine wamesimama juu yake. Kama moyo bado unataka, uliza chuoni na ofisi ya elimu. Wengine wameanza tena wakiwa na watoto wakubwa.

Nimalizie na mama yule wa kliniki. Alinisikiliza hadi mwisho, mjukuu amelala mapajani. Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Yule mzee, baba mkwe wa yule Mzungu, alilipwa?" Nikamwambia sijawahi kusikia kwamba alilipwa. Akacheka, akakunja ile barua vizuri, akairudisha kwenye kiondo. "Mimi nitamdai ada yangu akianza kazi," akasema.

Miezi miwili baadaye alimleta mtoto kwa chanjo ya surua ya miezi 9. Uzito wake ulikuwa mzuri na macho maangavu. Nilipomwuliza mama ya mtoto yuko wapi, safari hii hakunyamaza. Alijibu kwa sauti ambayo foleni nzima ilisikia: "Yuko chuoni."

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Basi leo ukimaliza kazi zako, angalia nyumba ya jirani. Kama kuna binti mwenye barua ya kuitwa chuoni na mtoto mgongoni, jiulize kama mkono wa pili hauwezi kuwa wako.